Maswali ya Mwalimu Anastazia

Mwalimu Anastazia alifundisha hisabati darasa la sita katika shule moja ya Mpemba, jirani na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Wanafunzi wake walielewa leo, wiki ijayo wamesahau kila kitu. Kisha akaenda semina Vwawa, akafundishwa kwamba kumbukumbu hukomaa mtoto anapolitafuta jibu kichwani mwake, si anapolisoma tena ubaoni. Aliporudi, kila kipindi akakianza kwa maswali ya zamani: madaftari yamefungwa, kukosea ruksa.

Aliyebadilika kuliko wote ni Ruti, binti wa muuza viazi, ambaye hakuwahi kunyoosha mkono. Muda si mrefu akawa anakokotoa sehemu huku anatabasamu.

Mwalimu mkuu, Efraimu, aliona, akapenda. Akaamuru maswali yahamie paredi ya asubuhi, shule nzima, na anayesahau achapwe.

"Mkuu, mtoto akiogopa, hata anachokijua kinapotea," Anastazia alimwambia ofisini.

"Wewe umeleta maswali, madam. Matokeo niachie mimi."

Jumatatu, kwenye paredi, Efraimu akamwita Ruti mbele. Robo tatu, toa theluthi moja. Ijumaa Ruti alilipata swali hilo bila hata kuandika. Sasa alitazama fimbo, jibu halikuja. Watoto wakacheka.

Efraimu akamgeukia Anastazia, akampa fimbo. "Mwanafunzi wako, mbinu yako. Mchape mwenyewe."

Walimu wenzake wakatazama chini. Anastazia alifikiria kuhamishiwa huko ndani Galula akikataa, na watoto wake wanasoma hapa mjini. Akaipokea.

Ruti alinyoosha mikono bila kuambiwa. "Madam, nalijua," alisema kwa sauti ndogo. "Nalijua, kweli."

Akachapwa hivyo hivyo.

Hakurudi tena shuleni. Mama yake alimpeleka kwa shangazi yake Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akauze nyanya. Wengine waliokuwa wazito wa kuelewa nao wakaacha kuja, mmoja mmoja. Waliobaki wakafaulu, shule ikaongoza kata nzima. Efraimu alipongezwa mbele ya wazazi, na Anastazia akatumwa Iyula kuwafundisha walimu wa huko mbinu yake.

Aliieleza vizuri, kwa mifano. Mwishoni mwalimu mmoja mgeni kazini, Luka, akauliza, "Na wale wanaosahau, madam, tuwafanyeje?"

Anastazia alimaliza kwanza kufuta ubao.

"Hao hawatawasumbua," alisema. "Huacha wenyewe."