Funga Tu ya Ochanda na Ua Langu la Idd

Ochanda hajui kusema hapana. Watu wa hapa mjini Kisii humwita mpole. Mimi namwita mwoga, tena mwoga mwenye maneno mengi. Ana kibanda cha kutengeneza kompyuta kwenye njia ya kupanda Nyanchwa, na ukimwuliza kama jambo linawezekana, atakwambia linawezekana kabla hujamaliza kuuliza.

Mimi ni Fardosa, nashona madera na kuyadarizi kwa mashine ya kompyuta. Kila ua ninalochora ni faili, na faili likishatoka mikononi mwangu, yeyote mwenye mashine kama yangu analidarizi kesho yake. Jasper wa Keroka anayo. Kichwa cha kuchora hana, ana macho tu. Idd iliyopita alinitangulia sokoni na ua langu mwenyewe. Safari hii nilichora ua nililohangaika nalo tangu mvua zianze, nikaapa litaonekana kwanza kwenye madera yangu. Likiibwa na hili, nafunga duka.

"Dada Fardosa, hiyo ni kazi ndogo," Ochanda akasema. "Nitakutengenezea programu ya kufunga mafaili. Unabonyeza tu, inafungika. Bila paswedi hata serikali haiwezi fungua."

Programu akaiita Funga Tu. Nisimnyime haki yake, ilikuwa rahisi kweli. Unaburuta faili, unaandika neno la siri, kinatokea kikufuli cha kijani. Akanionya nifanye kila kitu ndani ya programu yenyewe, nisichungulie kwingine. Nikamtii kama mjinga.

Kumbe kabla yangu alikuwa amempa dada yake Apondi aijaribu. Apondi akafunga picha za harusi yake, akaona kufuli mahali pa sura yake, akapiga nduru hadi majirani wakatoka nje. Mtu mwenye akili angemweleza dada yake kwamba picha zipo, aandike tu neno la siri. Ochanda hawezi kuvumilia lawama hata kidogo, kwa hiyo akaibadilisha programu. Sasa kila faili likifungwa, nakala yake isiyofungwa ilibaki pembeni, ndani ya folda aliyoipa jina Usijali. Eti watumiaji wasishtuke! Mimi hakuniambia, maana alijua ningemfokea.

Idd ilipokaribia nikampa flashi yenye programu na ua langu lililofungwa aiangalie, kwa sababu programu ilikuwa inachelewa kufunguka. Akarudi jioni mikono mitupu, meno yote nje.

"Nimetoka Keroka," akasema. "Nimemwambia Jasper, fungua hii kama wewe ni mwanaume! Amejaribu mpaka jasho ikamtoka."

"Flashi iko wapi?"

"Nimemwachia. Ajaribu mpaka achoke."

Nilikaa chini. Habari za Usijali sikuwa nazo bado, lakini roho ilikataa kutulia. Nikamtukana mpaka maneno yakaniishia, naye akaniambia nisiwe na wasiwasi.

Siku ya Idd nilivaa dera la kwanza nililodarizi lile ua. Tulipotoka kuswali, jirani yangu Ilwad akanishika mkono wa nguo.

"Mashallah, Fardosa. Kumbe na wewe umenunua Keroka?"

Nikawatazama akina mama waliokuwa wakipita. Ua langu lilikuwa vifuani, mabegani, hadi kwenye mitandio ya watoto. Nililia palepale, mbele yao, bila aibu.

Mchana Ochanda akaja kula pilau kama kila mwaka. Ndipo aliponieleza habari za Usijali, kwamba folda hiyo ilikuwa kwenye flashi ileile, macho chini, sauti haisikiki. Nilidhani angalau ataomba msamaha. Badala yake akainua uso, na nikaona lile tabasamu la meno yote nje likirudi polepole.

"Lakini dada, programu yenyewe iko sawa," akasema. "Ile faili yenye imefungwa, mpaka leo Jasper hajaweza kuifungua."

Nikampakulia wali. Nyama yote nikaiacha sufuriani.