Njia Iliyoombewa

Ashukuriwe Mungu, anayetulipa mema tusiyostahili na kutuvumilia tunapomwelekeza jinsi ya kutulipa. Atukuzwe yeye aliyenifikisha uzeeni hapa Kigali nikiwa bado na meno ya kutafunia, na macho ya kutazama majirani zangu wakibarikiwa.

Nao wanabarikiwa kwelikweli. Huku Kinyinya baraka hupimwa kwa ghorofa. Ukimwona mtu bado anaishi katika nyumba ya chini yenye mabati ya zamani, kama mimi, ujue kuna dhambi mahali fulani ambayo hajaiungama. Sisi tuliofundishwa dini zamani, mimi nikiwa mtoto wa wakimbizi kule Tanzania, tuliambiwa kwamba kuishi kwa haki ni kumpa jirani yaliyo haki yake. Elimu ilikuwa bado iko nyuma. Siku hizi katika kanisa letu mtu husimama mbele, akashuhudia jinsi alivyodumu katika haki, na uthibitisho wa haki yake umeegeshwa nje, unang'aa.

Jirani yangu wa upande wa juu alikuwa bingwa wa shuhuda hizo. Ni mfanyabiashara wa saruji na nondo, mtu wa sala, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa kanisa. Yeye ndiye aliyetuahidi paa jipya. Kila Jumapili alituchukua kwa gari lake, mimi na mke wangu ambaye magoti yake yalishastaafu. Mimi nilikaa kiti cha mbele na kusikiliza jinsi Mungu anavyompenda mwenye gari. Nilishukuru kwa moyo wote. Kiti kilikuwa laini.

Chini ya kiwanja chake, karibu na korongo, anakaa mzee mwenzangu aliyekuwa dereva wa malori. Kiharusi kilimpiga, kikamwachia mkono mmoja na nusu ya maneno. Mke wake huuza nyanya na vitunguu Nyabugogo. Siku za mazoezi ya viungo mama huyo haendi sokoni; humsukuma mumewe kwenye kiti cha magurudumu mpaka barabara ya lami, wapate gari la kuwapeleka hospitali, huko Kanombe. Kiti hicho kina njia moja tu, kichochoro cha udongo kinachopita pembeni mwa kiwanja cha jirani yangu. Upande wa pili ni korongo, na huko hata mbuzi husimama kwanza akatafakari.

Jirani akaamua kujenga ukuta. Mafundi wakachimba msingi, na msingi ukapita katikati ya kichochoro.

Mama wa nyanya alikuja kwangu bado amejifunga kitenge cha sokoni.

"Muzehe, wewe ulikuwepo siku ile huyu jirani ananunua shamba hili. Ulisikia mwenyewe akisema njia inabaki."

"Nilisikia."

"Sasa wanaifunga. Mimi nitambeba mgongoni mpaka lini? Yule mwanaume alikuwa anabeba lori, mimi nimbebe yeye?" Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Utasema mbele ya abunzi?"

Abunzi ni wapatanishi wa mtaa, watu waliochaguliwa na wenzao kwa uadilifu wao, na kwa sababu wana nafasi ya kusikiliza ugomvi wa watu bila malipo. Nilimwambia nitasema. Hakukuwa na mwingine wa kusema. Muuzaji alishafariki, shahidi mwenzangu alihamia mashariki na simu yake, kwa neema ya ajabu, ilikuwa haipatikani tangu msingi ulipoanza kuchimbwa. Mkataba wa mauzo haukutaja njia. Siku ile nani angefikiri kuandika kwamba binadamu atapita?

Kabla ya siku ya abunzi, wazee wawili wa kanisa walinitembelea. Waliletwa na gari ninalolifahamu vizuri.

"Mzee wetu," mmoja alianza, akikoroga chai, "haki ina hekima ndani yake."

"Na chai ina sukari ndani yake," nikasema. "Ongeza."

"Fikiria paa. Mvua ya masika inakuja. Je, kazi ya Mungu isimame kwa sababu ya kichochoro? Roho za watu zipotee?"

"Sikujua roho zinapotelea kwenye kichochoro. Nilidhani ni kiti cha magurudumu tu."

Mwenzake, ambaye ni mpole zaidi, akasogeza kiti. "Hatukuombi useme uongo. Hasha! Sisi ni watumishi. Sema tu hukumbuki. Kwa umri wako nani atakulaumu?"

Mke wangu akaitikia kutoka jikoni: "Huyo? Anakumbuka mpaka sahani niliyovunja mwaka aliponioa!"

Wakacheka, nami nikacheka. Tukaomba pamoja. Waliniombea nipate hekima na mimi nikawaombea safari njema, maana ni mita chache mpaka kwa aliyewatuma.

Walipoondoka, mke wangu alikaa penye kiti cha yule mpole.

"Mzee, ukisema, Jumapili tutakwenda kwa miguu."

"Nitakushika mkono."

"Tangu harusi hujanishika mkono barabarani."

"Basi umeona? Haki imeshaanza kukulipa."

Akakusanya vikombe. "Sema," akaniambia. "Lakini usihubiri. Ukianza kuhubiri watalala."

Abunzi walikuja Jumamosi, baada ya kazi ya pamoja ya mtaa, wengine bado na matope kwenye viatu. Kikao kilifanyika palepale kando ya msingi. Mwenyekiti alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka kilima cha pili. Dereva wetu aliletwa kwenye kiti chake, akaegeshwa mbele ya lile shimo kama gari lililokuta daraja limevunjika.

Jirani yangu alizungumza vizuri. Huwa anazungumza vizuri. "Mama mwenyekiti, hapa hakukuwa na makubaliano ya njia. Hawa nilikuwa nawaacha tu wapite, kwa upendo wa Kikristo. Na mzee huyu shahidi nampenda sana, kila Jumapili nampeleka kanisani. Lakini umri ni umri."

Nikamshukuru kwa lifti, mbele ya watu wote. Ilikuwa haki yake.

"Muzehe," mwenyekiti akaniuliza, "siku ya mauzo mlikunywa nini?"

Si swali la ulevi. Kwetu, shamba likiuzwa, mashahidi hunyweshwa pombe. Ukishainywa, umelibeba neno la siku ile, na huwezi kulitua chini utakavyo. Anayesema mauzo yalikwenda hivi au vile, kwanza aeleze alikunywa nini na nani alimimina.

"Hatukunywa kitu," nikajibu.

Jirani akatabasamu. Watu wakanong'ona. Shahidi asiyekunywa ni shahidi gani?

"Muuzaji alileta dumu la urwagwa, ile pombe ya ndizi," nikaendelea. "Mnunuzi akalikataa. Alisema pombe si kinywaji cha wateule, sisi tutafunga mauzo kwa maombi. Akaomba mwenyewe."

Hapo nikasikia watu wakiguna, mguno wa huruma. Hakuna mtu mtaani ambaye hajawahi kusimama ndani ya maombi ya jirani yangu. Ukinywa pombe, kesho unaweza kusahau. Maombi yake hayasahauliki, magoti huyakumbuka.

"Alimshukuru Mungu kwa udongo," nikasema, "kwa mipaka, kwa maji ya bomba ambayo yalikuwa bado hayajafika. Halafu akasema: Bwana, ibariki na njia hii ya ndugu zetu wa chini, ambayo leo tumekubaliana ibaki, isifungwe na mtu yeyote. Nikaitikia amina kwa nguvu, kwa sababu nilidhani amemaliza."

Kutoka kwenye kiti cha magurudumu ikatoka sauti nzito, ya mdomo uliopinda: "Ha... hakumaliza."

Siku ya mauzo dereva alikuwa amesimama pale, kwa miguu yake. Mafundi wa ukuta ndio waliocheka kwanza. Kisha wote.

"Maombi si mkataba!" jirani akasema, uso umemwiva. "Mtu akiwa katika roho anasema mengi!"

Mwenyekiti akaweka mikono kiunoni. "Ndugu yangu, nisaidie. Siku ile ulikuwa unamdanganya Mungu, au leo unatudanganya sisi? Chagua. Vyote viwili haiwezekani, labda kama una nguvu nyingi."

Angeweza kukana kwamba aliomba maneno yale. Mashahidi walikuwa mzee mmoja na mgonjwa mmoja. Lakini alitazama kiti, akatazama shimo, na hakukana. Nayaandika haya kwa heshima yake, kwa kuwa watu wa mtaani wanaposimulia kisa hiki hupenda kuacha sehemu hiyo. Abunzi wakaamua njia ibaki, kwa upana wa kiti na mtu wa kukisukuma, na msingi urudishwe ndani ya kiwanja chake.

Kuhusu thawabu, namshukuru Mungu, zilifika upesi. Gari lilianza kutupita Jumapili likiwa limefunga vioo, hata siku za jua kali. Nilipumzishwa kusoma matangazo kanisani, wakisema sauti yangu imechoka. Mhubiri alitoa somo refu juu ya watu wanaozuia kazi ya Mungu, akilitazama benchi letu kwa upendo mkubwa. Ghorofa sijapata. Ng'ombe sijapata. Paa bado linavuja, na wazee wale wawili hunisalimia kwa ncha za vidole, kana kwamba haki inaambukiza.

Nilichopata ni kazi. Siku ambazo nyanya haziwezi kusubiri, mama huenda Nyabugogo, na mimi ndiye ninayemsukuma dereva mpaka lami. Mtu aliyetumia maisha yake akiendesha malori ya mizigo hawezi kusukumwa na mzee kama mimi bila kutoa maoni. Penye mwinuko ananiambia nibadilishe gia. Penye kona anapiga honi kwa mdomo, huo huo uliopinda, na kuku wa jirani wanakimbia. Jana nilisimama kupumua karibu na ukuta mpya, akageuza shingo kwa shida.

"Muzehe... dizeli imeisha?"

"Dizeli iko. Mzigo ndio mzito."

"Mimi... nilikuwa nabeba... tani."

"Tani hazikuwa zinaongea."

Akacheka mpaka kiti kikatikisika, tukaendelea kupanda.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akupe jirani wa kumsukuma na mgongo wa kuiweza kazi hiyo. Aifungue njia ya nyumba yako, na asikulipe haraka mno, usije ukadhani umemaliza kazi. Amina, na safari hii nimemaliza.