Kilio cha Benchi

Kituo chetu cha basi, huku mtaani Kampemba, kilikuwa na benchi ndefu ya saruji na bati lenye kutu. Uzuri hakikuwa nao, ila kilikuwa cha watu wote, hata muuza mikate aliyepanga meza yake chini ya bati. Mama mkubwa wangu, mjane wa fundi wa reli, aliketi pale kila asubuhi akingojea basi la kwenda sokoni. Kabla basi halijafika alikuwa ameshajua nani amejifungua na nani amefukuzwa na mkewe.

Halafu wakaja watu wa kampuni moja ya matangazo. Wakamwondoa muuza mikate, wakabomoa kituo, wakasimamisha kingine cha vioo, chenye picha kubwa ya bibi arusi anayechekelea dawa ya meno. Kilipendeza, sikatai. Lakini benchi haikuwepo. Waliweka chuma chembamba cha kuegemea, tena kimeinama. Ukikiegemea, unateleza taratibu mpaka magoti yanakunjika. Zamu, yaani mlinzi wa kampuni, alitueleza kwamba benchi huwavuta watu wasiosafiri.

"Miye nasafiri," mama mkubwa akamjibu. "Ila nasafiri na magoti ya muzee."

Kesho yake aliniamuru nibebe kiti cha sebuleni. Nilidhani tunakipeleka kwa seremala. Tulipofika kituoni akakiweka chini ya bibi arusi, akaketi, akapanga kitenge chake.

"Mama, kiti ya inje haina ruhusa," zamu akasema.

"Baba, mulete ya ndani basi. Hii yangu nitairudisha ku nyumba."

Zamu akakizunguka kiti mara mbili, akarudi mahali pake. Siku zilizofuata majirani wakaiga: viti vya plastiki, vigoda, hata kochi lililobebwa na wanaume wawili waliokuwa wakigombana njia nzima. Mimi nilisimama mbali kidogo, nikijifanya simjui mtu. Nilikuwa nasoma chuo kikuu, kule Kasapa, na wenzangu walipita pale kwa basi.

Tatizo ni kwamba kwetu, viti vikipangwa kando ya barabara na wamama wakakaa kimya, maana yake ni moja tu: kuna kilio. Asubuhi moja mwanamume akashuka kwenye baiskeli, akavua kofia, akawapa wamama mkono mmoja mmoja. "Pole, ba mama." Nyuma yake wakaja wamama wa kikundi cha sala, wakakaa kwenye viti vilivyobaki na kuanza wimbo wa msiba. Waliimba vizuri mno. Zamu naye akavua kofia.

Mmoja wao akamwinamia mama mkubwa. "Ni nani alikufa?"

"Benchi yetu."

Yule mama akatikisa kichwa kwa huzuni. "Alikuwa na miaka mingapi?"

"Mingi. Alikuwa anatubeba shiye bote."

Wakaongeza ubeti. Nilijiuma mdomo, kisha nikashindwa, nikaketi kwenye kochi na kuimba sauti ya chini pamoja nao.

Habari zilimfikia bosi wa kampuni kwamba mtu amefia kituoni kwake, chini ya tangazo. Akaja mbio, tai imegeukia begani.

"Maiti iko wapi?"

"Ikala kwanza," mama mkubwa akasema, akimwonyesha kiti kitupu.

Mbele ya waombolezaji hakuthubutu kukataa. Aliketi, na basi lilichelewa kama kawaida, kwa hiyo alisikia yote: magoti, mimba, mizigo, jua. Alipojaribu kwenda kuegemea chuma chake ili apige simu, akateleza mbele ya kwaya nzima. Hakuna aliyecheka kwa sauti. Wamama wa sala walifunika midomo kwa vitenge.

Benchi ya mbao ililetwa wiki ile ile. Ni fupi kuliko ile ya zamani, na mgongoni wameandika jina la dawa ya meno, kwa hiyo ukikaa vibaya rangi inabaki kwenye nguo. Muuza mikate bado hajaruhusiwa kurudi chini ya paa. Anauzia ng'ambo ya barabara, na juu ya hilo mama mkubwa na zamu wanabishana kila asubuhi, wameketi bega kwa bega.