Barabara Inayonyweshwa Maji

Nimezaliwa Dindira kwenye mvua na chai, nikaolewa huku Handeni kwenye ukame. Mume wangu anaendesha boza la maji mgodini. Kazi yake ni kuimwagia maji barabara ya malori, asubuhi na jioni, vumbi lisitimke. Mimi alfajiri napanga foleni ya ndoo kisimani.

Jioni moja alirudi anaisifu: barabara imeshiba maji, imelainika, haina hata shimo. Wivu ukanikaba. Kisha akatazama uani kwetu, akasema, “Mke wangu, mbona vumbi hivi?”

Nikamtengea ugali. Akanyoosha mikono nimnawishe, kama kawaida. Sikugusa birika.

“Maji umeyamaliza kwa mke mwenzangu,” nikamwambia. “Kanawe hukohuko.”