Mfereji wa Jumamosi

Kwa miaka ishirini Rahabu, mjane wa Kilutheri, aligawa zamu za maji ya mfereji katika bonde lililo juu ya Soni. Mwaka 1974 katibu wa kijiji alitangaza kuwa mfereji utaachwa. Jumamosi wote wangehamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, kando ya barabara.

Alhamisi, katika darasa la watu wazima, Mwalimu Nikodemo alisoma jinsi watu wa mito ya Naili na Frati walivyochimba mifereji, wakatunga sheria za maji, wakajenga mahekalu. "Hapo ndipo ustaarabu ulipoanza," akasema.

Rahabu akasimama. "Mwalimu, na hao nani aliwaambia waache mifereji yao ili wastaarabike?"

Darasa likaangua kicheko. "Mama, mimi nafundisha kilichoandikwa," Mwalimu akajibu.

"Basi andika na hili. Ijumaa ni ya Bakari huyu na Waislamu wenzake, Jumapili ni yetu. Jumamosi haina mwenyewe, ndiyo maana wazee wetu waliifanya siku ya kuzibua mfereji. Hawakungoja mfalme awaamuru."

"Na katibu akija na lori, shemeji?" Bakari, ndugu wa marehemu mumewe, akamchokoza kutoka benchi la nyuma. "Utampiga kwa Biblia?"

"Nitampa jembe."

Jumamosi lori lilipiga honi barabarani mpaka likanyamaza. Bondeni Rahabu alikuwa majini hadi magotini, akitoa tope. Nyuma yake Bakari, na nyuma ya Bakari karibu darasa zima. Katibu akapanda kwa miguu, akihema, akaamuru watoke.

Rahabu hakuinua hata mgongo. "Vua viatu kwanza," akamwambia.