Mikaratusi ya Baba Mdogo Elifasi

Sisi tuliokulia huku juu, mteremko wa Meru, hatukufundishwa dunia kwa simu. Tuliitembea. Asubuhi unatoka umevaa sweta, ukungu unakulowesha kope, migomba inadondosha maji. Ukishuka na mbuzi, saa sita uko chini kwenye nyasi kavu na migunga, sweta umelifunga kiunoni, vumbi mpaka kwenye meno. Ukigeuka unaona kule kileleni hakuna hata mti, mawe na baridi tupu. Msitu, savana na baridi ya kilele, vyote unaviona siku moja, tena na njaa yako. Leo mtoto wa dada yangu, pale mjini Lemara, anakutajia misitu ya Brazili na barafu ya Urusi bila kukwama. Mwulize kwenye mlima ulio nyuma ya dirisha lao kunaota nini. "Mama mdogo, hiyo haiji kwenye mtihani."

Mimi niliishia darasa la tano. Mwalimu alichora ubaoni nyasi, panzi, chura, nyoka, mwewe, akawaunganisha kwa mishale, akasema ukimfuta mmoja wote wanayumba. Sikuona jipya. Mama alishatufundisha pale kwenye chemchemi yetu, chini ya mikuyu: usioshe sufuria yenye masizi, usimpige chura jiwe. "Hao ndio wenye nyumba," alisema. Basi tulipiga hodi kweli kabla ya kuchota, tunacheka mpaka ndoo zinamwagika, halafu tunarudi kula loshoro, mahindi yaliyolala ndani ya maziwa ya mgando. Nikiisikia harufu yake mpaka leo tumbo linanguruma.

Sasa niseme nani alifanya nini kwenye chemchemi ile, maana kanisani watu wanasema yaliyotupata ni mapenzi ya Mungu. Baba mdogo Elifasi ndiye aliyekata mikuyu. Zakayo, mwenyekiti wetu wa kitongoji, aliangalia pembeni, akajengewa banda la ng'ombe kwa mbao zile zile. Pakapandwa mikaratusi, kwa sababu kule mjini, Sombetini, watu walikuwa wanajenga na nguzo zinatakiwa. Na miche nani aliibeba? Mimi na wenzangu, tukapewa mandazi. Najitaja na mimi.

Mama alisimama kwenye mfereji mikono kiunoni. "Elifasi, hiyo miti inakunywa kuliko wewe!"

Watu walicheka. Yeye akajibu, "Shemeji, maji yanatoka kwa Mungu, hayatoki kwenye miti."

Vyura walinyamaza kwanza. Hatukujali, tulisema afadhali tulale. Kisha chemchemi ikawa uzi, ikawa tope, ikawa basi. Mikaratusi ilipokomaa, Elifasi akaikata yote msimu mmoja, mteremko ukabaki mtupu kama kichwa kilichonyolewa. Masika yale yale, mchana, mlima ukateleza. Mimi nilikuwa uani, tope likanifika kifuani, wakanichimba kwa majembe na mikono. Mama alikuwa jikoni. Jiko halikuonekana tena.

Miaka imepita, nimezeeka nusu. Jumatatu hii Elifasi kaja kwangu na fimbo yake na karatasi. Shamba la chemchemi ni la ukoo, anataka niweke dole gumba, apande tena mikaratusi. Nikamwamkia, shikamoo, kwa sababu nililelewa. Nikamwambia siweki.

"Wewe uliishia darasa la tano, unajua nini?"

"Darasa la tano ndipo tulipofundishwa hilo, baba."

Akacheka peke yake. Akasema atawafuata kaka zangu mmoja mmoja. Najua atawafuata. Wawili wanadaiwa ada za watoto, sijui watasimama wapi, na tangu siku hiyo sikai nikatulia. Nimeshapanda miche minane ya mkuyu pale, naimwagilia kwa ndoo kutoka bombani. Mitatu imeshika.

Zamani mvua ikianza kupiga bati tulivua viatu, tukatoka mbio kuogelea kwenye mfereji, mama anapiga kelele tutaugua. Siku hizi wingu likitanda tu juu ya Meru, mimi navaa viatu kwanza, nafunga kamba, ndipo naanza kuwaita watoto kwa majina, mmoja baada ya mwingine, mpaka wote waitike.