Kahawa ya Rubani

Juzi kijana wa kaka yangu alikuwa akinipeleka Murongo kwa pikapu, akagonga kioo cha dashibodi kwa kidole. Nikaomba nishuke.

"Shangazi, wewe utazeekea jikoni!" alicheka.

Kugonga kule kwa kidole niliwahi kukuona utotoni, ndani ya ndege ndogo iliyokuwa ikimpeleka mama hospitali. Mama alilazwa nyuma yangu, akinuka dawa na jasho la homa. Nami, mtu wa nyumbani tangu kuzaliwa, nilishaanza kukumbuka moshi wa jiko letu kabla hatujapita kilima cha kwanza.

Bibi alinifundisha kwamba mgeni akitafuna kahawa yako, hawezi kukukatalia neno. Basi nikampa rubani punje za kahawa kavu nilizofungiwa kwenye jani la mgomba, nikaomba moyoni aturudishe. Akatafuna. Mara akakunja uso, akagonga kitu kama saa yenye mshale mmoja. Mshale ulikuwa ukishuka. Mngurumo ukapungua, ndege ikageuka taratibu juu ya migomba.

"Mama, nimemgeuza!"

"Mchawi mdogo wewe," mama alinong'ona, akacheka mpaka kikohozi kikamzuia.

Leo najua presha ya oili ya injini ilikuwa ikishuka, na kwamba rubani yule alituokoa. Tulitua salama kwenye nyasi. Ndege nyingine ilifika tukiwa tumeshamzika mama.

Wageni wangu bado nawapa kahawa. Ila wakianza kutafuna, naogopa kutamani chochote.